Boneti Iliyosubiri Umeme

Umeme ulipokatika Unguja tarehe 10 Desemba 2009, bodi ya gari langu ilikuwa na siku nne tangu ipulizwe klia, ile rangi angavu ya juu inayoleta mng'aro. Gari lenyewe halizidi sentimita 17. Ni Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, modeli ya mwaka 1966, ya plastiki, kipimo cha 1/24 ya gari la kweli, kutoka kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani. Kaka yangu anayefanya kazi Maskati ndiye aliyeniletea, ndani ya sanduku la nguo, boksi lake amelizungushia kanzu mbili lisibonyee. Rangi hakuniletea, maana makopo ya rangi ya kupuliza hayaruhusiwi kwenye ndege. Nikaenda kwa fundi wa gereji, akanichanganyia buluu iliyokolea ya magari ya kweli pamoja na klia yake, nusu kikombe kila moja.

Niliipuliza vibaya. Mvua za vuli zilikuwa bado hazijaisha, hewa nzito, klia nayo nzito zaidi, na mkono niliuweka mbali mno na bodi. Matone yalifika yameshaanza kukauka njiani, yakaganda pale pale yalipoangukia badala ya kuenea. Asubuhi nilipoitazama, boneti yote ilikuwa kama ganda la chungwa: inang'aa, lakini ina mabonde. Dawa niliyoijua wakati ule ilikuwa moja, kupuliza tena juu yake, nene zaidi, ili mabonde yajae. Nikapanga kufanya hivyo Ijumaa. Alhamisi umeme ukaondoka.

Waliokuwapo hawahitaji kusimuliwa miezi ile. Hitilafu ilitokea kwenye njia ya waya wa baharini unaotuletea umeme kutoka bara, na umeme haukurudi hadi Machi 2010. Majenereta yalinguruma Darajani kutwa. Pampu za maji zilisimama, na sisi tunaokaa kwenye majumba ya Michenzani tukawa tunapandisha ndoo kwa ngazi, ghorofa baada ya ghorofa. Kompresa yangu ndogo ya kupulizia rangi ikawa ya kuwekea kandili. Bodi ya buluu nikaifunika kwa bakuli isipate vumbi, na maganda yake ya chungwa yakawa yananingoja humo.

Ami yangu alikuwa seremala. Makabati na vitanda alivyovipiga polishi bado vimo katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe, ingawa yeye mwenyewe macho yalikuwa yameshamchosha na kazi ameiacha. Jioni moja alikuja kunywa kahawa, akaliona bakuli, akalifunua. Hakuniuliza kwa nini mtu mzima anashughulika na kigari. Aliichukua bodi akaenda nayo mlangoni, akaiinamisha mpaka mwanga wa nje ukateleza juu ya boneti, kisha akapitisha ukucha polepole.

"Unataka kuipaka tena?"

"Ndio, ami. Umeme ukirudi."

"Usiipake. Rangi imeshatosha. Hii sasa ni ya kupunguza, mwanangu."

Ni neno hilo lililonifanya niandike makala hii. Sisi tunaounganisha modeli, hasa tunaoanza peke yetu bila ya mtu wa kutuonyesha, hudhani mng'aro ni kitu cha kuongeza: klia zaidi, kisha nta, kisha nta nyengine. Nimeona magari madogo mazuri yaliyoharibiwa hivyo. Mistari ya milango imezibwa na rangi, nembo zimezama, na gari linaonekana kama peremende iliyonyonywa. Tatizo la boneti yangu halikuwa uhaba wa kitu. Juu ya uso uliolala sawa, mwanga unarudi wote kwa upande mmoja, na jicho linaona picha ya dirisha. Juu ya mabonde kila mteremko unaurudisha mwanga upande wake, na dirisha linavunjika vipande. Ukiongeza klia, unayafunika mabonde kwa blanketi, na blanketi nalo litafuata umbo la kitanda.

Na kwenye modeli kosa hukuzwa na kipimo. Nundu ya sehemu moja ya kumi ya milimita juu ya boneti ya 1/24 ni sawa na nundu ya milimita 2.4 juu ya gari la kweli. Hakuna fundi wa gereji ambaye angemkabidhi mteja gari la namna hiyo. Sisi tunajikabidhi wenyewe na kusema ni la mkono.

Ami alinieleza habari za msasa, na mpaka leo nikilitaja neno hilo nauona mti. Maana msasa ni mti kwanza. Wataalamu wa mimea wanauita Ficus exasperata, wa jamii moja na mkuyu, na majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka. Mafundi walisugulia mbao kwa majani hayo. Karatasi zilipokuja kutoka viwandani zikarithi jina la jani. Ami alikuwa amewakuta wazee wa kazi waliokuwa bado wanaweka majani makavu kibandani, na alisema jani lina tabia moja nzuri: likichoka linakuambia, kwa sababu linakatika. Karatasi ikichoka inaendelea kuteleza nawe unaendelea kusugua, ukidhani unafanya kazi.

Kwa klia, jani ni kali mno, na hata msasa wa mbao hauwezekani. Nilianza na karatasi ya 2000, ile nyeusi ya kutumia na maji, niliyoipata kwenye duka la vifaa vya gereji. Kadiri namba inavyopanda ndivyo chembe zinavyokuwa ndogo. Vitambaa vya 4000, 6000, 8000 na 12000 alinitumia kaka, vikafika Januari pamoja na mtu wa kwao. Neno la tahadhari kwa anayenunua: namba za vitambaa vya kusugulia vya kampuni fulani hazilingani na namba za karatasi za kawaida. Kitambaa kilichoandikwa 2000 kinaweza kukata zaidi ya karatasi iliyoandikwa 2000. Jaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki ulichokipaka rangi ile ile.

Kabla ya kusugua chochote, nusa. Funika bodi kwa bakuli usiku kucha, asubuhi funua na uweke pua. Ikiwa bado kuna harufu ya thina, rangi haijakauka ndani hata kama kidole hakinati, na ukiisugua itavimba na kufanya matope. Bodi yangu niliinusa kila asubuhi kwa wiki mbili. Pengine nilizidisha, lakini nilikuwa na muda, na miezi ile sote tulikuwa na muda.

Kitu cha pili alichonifundisha ami ni ndara. Nilikuwa nimeikunja karatasi juu ya kidole, akanizuia. Kidole kina mfupa, kinabonyea katikati na kuchimba mfereji, na mfereji hauonekani mpaka siku ya mwisho unapotaka kung'arisha. Akakata kipande cha ndara kuukuu, ukubwa wa biskuti, akakisugua mpaka kikawa tambarare, akakizungushia karatasi. Sponji ile ya ndara ni ngumu ya kutosha kuvuka juu ya mabonde bila ya kuzama ndani yake, na laini ya kutosha kufuata mgongo wa kobe. Nimeshanunua tangu wakati ule vibao vya kusugulia vya kila aina, vya bei. Bado natumia ndara.

Maji yalikuwa shida. Mama alikuwa anahesabu ndoo, na alinipa vikombe vitatu kwa siku, akanitaka nisizidishe. Kimoja cha kurowekea karatasi, na tone la sabuni ya vyombo ndani yake ili chembe ziteleze. Kimoja cha kuchovya. Cha tatu cha kusuuzia, na hicho hakiguswi na karatasi. Leo nina bomba linalotoka, lakini vikombe ni vitatu bado. Maji ya kusugulia yakishakuwa meupe kama tui yamejaa unga wa klia na chembe zilizobanduka, na ukisuuzia hayo unajikwaruza upya.

Jinsi unavyojua kuwa umelala sawa ni hii, na nadhani ndiyo siri kubwa kuliko zote. Sugua kidogo, kausha kwa fulana ya pamba, tazama kwa upembe. Uso utakuwa umefifia, lakini ndani yake kuna vidoa vidogo vinavyong'aa, mamia. Hivyo vidoa ndivyo mabonde, pale ambapo msasa haujafika. Kila ukirudi vinapungua. Siku boneti yote ikiwa imefifia sawasawa, haina hata kidoa kimoja kinachong'aa, umefika chini ya bonde la mwisho. Mtu anayepita wakati huo atakuonea huruma, maana gari lililokuwa linang'aa sasa liko kama limepakwa majivu. Dada yangu mdogo aliniuliza kama nimeliharibu. Mimi niliishika ile boneti iliyofifia nikaona ndiyo mara ya kwanza imekuwa nzuri.

Niliitoboa rangi mara moja. Ilikuwa kwenye ukingo wa mudgadi ya mbele kushoto, pale mgongo unapogeuka kushuka. Rangi haikai kwenye ukingo, inaukimbia ikiwa bado mbichi, kwa hiyo pale juu palipochongoka ndipo penye klia nyembamba kuliko pote. Na mkono nao, bila ya kutaka, unakaza pale pale. Nilipitisha karatasi labda mara nne. Ya tano maji yakatoka buluu, na kabla sijaunyanyua mkono nikaona mstari wa kijivu wa rangi ya msingi, mwembamba kama uzi. Nililia, sitaficha. Hakukuwa na umeme wa kupuliza kiraka, na hata ungekuwapo, kiraka cha buluu huonekana. Baadaye nilikipaka kwa ncha ya unyoya wa brashi, tabaka saba, na kukisawazisha. Najua kilipo. Tangu siku hiyo huanza kwa kubandika ukanda mwembamba wa tepu ya karatasi juu ya kila ukingo na kila mstari ulioinuka, nasugua uwanda wote kwanza, halafu naubandua na kumalizia kingo kwa namba ya juu tu, bila ya ndara, kwa uzito wa karatasi yenyewe.

Baada ya 2000 kazi inabadilika. Hukati mabonde tena, unafuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia. Namba moja nasugua kwa urefu wa gari, inayofuata kwa upana, ili nione mikwaruzo ya zamani imekwisha au la. Kila nikibadilisha namba naosha bodi yote na kupitisha mswaki laini kwenye mistari ya milango. Hili la kuosha sikufundishwa na ami. Nililijua kwa bibi, mama yake mama, aliyekuwa aking'arisha dele na sinia za shaba kila Ramadhani inapokaribia. Alitumia ndimu na majivu yaliyochekechwa. Akimaliza majivu alikwenda kunawa mikono mpaka viwiko, anabadilisha kitambaa, ndipo anashika kipande cha khanga kikavu cha kumalizia. Ukimgusa mkono katikati ya kazi anakwenda kunawa tena. Utotoni nilidhani ni tabia yake tu ya usafi. Chembe moja ya jivu iliyobaki kwenye khanga ilikuwa inatosha kuchora sinia zima, na yeye alijua. (Ndimu na majivu ni ya shaba, tafadhali. Usiyakaribishe kwenye rangi.)

Khanga nayo nikaifanya kipimo. Natandaza khanga ukutani karibu na dirisha, upande wenye jina lake, naiweka bodi mbele yake na kutafuta maandishi ndani ya boneti. Kwenye 2000 huoni kitu. Kwenye 4000 kuna kivuli cheusi mahali pa maneno. Kwenye 8000 unahesabu herufi. Kwenye 12000 unazisoma, zimegeuka kinyume, na kingo zake bado zina ukungu. Ukungu ule wa mwisho ndio kazi ya kompaundi, dawa nzito ya kung'arishia yenye unga laini wa kukwaruza.

Kompaundi ya modeli huuzwa kwa ukali mbalimbali. Tamiya wanayo ya kukata, ya wastani na ya kumalizia. Mimi wakati ule nilikuwa na dawa ya mswaki. Ile nyeupe, isiyo na chenga wala jeli, ina unga wa kukwaruza mpole, na waunganishaji wa modeli wengi wameitumia kwa miaka. Inafanya kazi. Ina ubaya kwamba kila aina ina unga wake na hujui umeshika upi, na ikikauka kwenye mistari ya milango inabaki nyeupe kama chumvi. Ukiwa na uwezo nunua kompaundi. Tumia kidogo, kiasi cha punje ya mchele kwa boneti, kwa fulana laini yenye umajimaji kidogo, na mkono mwepesi. Usitumie mashine ukiwa bado unajifunza: plastiki ya modeli inaanza kulainika karibu na nyuzi 100, na joto la msuguano hukusanyika mahali pamoja haraka kuliko unavyodhani, rangi ikakunjamana.

Nikipita haraka juu ya kupuliza, kwa sababu makala hii si ya kupuliza: ukitumia klia ya gereji yenye kikazo, ile dawa inayochanganywa ndani yake ili ikaze, vaa barakoa ya kweli yenye vichujio na ufanyie nje, maana kikazo kile kina kemikali inayodhuru mapafu hata kama harufu yake haikukeri. Na usipulize laka siku ya masika. Kiyeyusho kikiruka haraka kinaupoza uso wa rangi, unyevu wa hewa unaganda juu yake, na klia inageuka maziwa. Sisi visiwani tuna unyevu karibu mwaka mzima, ila asubuhi kavu ya kaskazi au kusi iliyotulia inakubali.

Sasa nta. Nta nzuri za rangi zina karnauba, na hiyo nilipoisoma habari yake nilifurahi kama nimepata habari za ndugu. Inatoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi, unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Mti unajipaka nta wenyewe ili jua lisiyanyonye maji ya majani. Watu huyakata, huyakausha, na nta hupukutika kama unga. Ni ngumu kuliko nta ya nyuki: ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, karnauba hungoja mpaka 82 au 86. Ndiyo maana inastahimili kwenye boneti la gari linalochomwa na jua.

Lakini modeli haichomwi na jua wala hainyeshewi. Basi nta ya nini? Nimebadilisha rai yangu mara mbili juu ya hili. Leo nasema hivi: nta ni ya alama za vidole, na ya ukolevu mdogo inaouongeza kwenye rangi nyeusi na buluu, kama macho yaliyopakwa wanja. Ipake nyembamba, mara moja, siku kila kitu kimekwisha. Nembo ziwe zimeshawekwa na kufunikwa klia, kwa sababu hazishiki juu ya nta. Na nta za magari mara nyingi zina silikoni, ambayo ukija kupuliza rangi juu yake inafanya vijishimo vya mviringo kama macho ya dagaa, hata kwenye modeli nyengine iliyo meza moja. Kitambaa cha nta kiwe na mfuko wake.

Na nta huficha. Inajaza mikwaruzo midogo na kuilaza usingizi. Hilo nililijua Machi.

Mwisho wa Februari nilikuwa nimemaliza. Herufi za khanga nilikuwa nazisoma mpaka nukta. Nilikuwa nimefanya kazi yote kibarazani, kivulini, kwa mwanga wa anga. Juani sikuthubutu kuipeleka bodi kwa kuiogopea plastiki. Nikapaka nta kutoka kwenye kopo la gari la jirani, nikaifuta, nikamwonyesha ami. Aliiinamisha mlangoni kama siku ile, akanyamaza kidogo.

"Nzuri," akasema. "Ngoja taa."

Umeme ulirudi usiku. Michenzani nzima ilipiga kelele kwa pamoja, madirisha kwa madirisha, watoto wakigonga sufuria, na kina mama wakipiga vigelegele ngazini. Mimi nilikwenda mezani, nikalifunua bakuli na kuiweka bodi chini ya globu moja iliyokuwa ikining'inia bila ya kifuniko. Katikati ya boneti kulikuwa na nukta ya globu, kali, safi. Na kuizunguka nukta hiyo, duara juu ya duara, nywele nyembamba za mikwaruzo kama utando wa buibui, kila mahali mkono wangu ulipozunguka na dawa ya mswaki. Kivulini mwanga ulikuja kutoka kila upande ukaizima. Globu moja iliiwasha yote.

Niliosha nta kwa maji ya sabuni mara mbili, na utando ukakolea zaidi. Dada akaja kunivuta nishuke chini, watu wako uwanjani. Nikamwambia nakuja. Nikabandika tepu kwenye kingo nne, nikatoa kipande cha ndara na kitambaa cha 8000, nikaenda jikoni na kikombe. Bomba lilikohoa, likatema hewa na kutu kidogo, kisha maji yakaanza kutoka.